Kila waya na dawa yake: kuchagua kibadilishi cha volti kwa ishara za kidijitali

Vijana wanaojitengenezea vifaa vyao hapa Unguja na Pemba huja na swali hili mara kwa mara: "Fundi, bodi yangu ni ya volti 3.3, kihisi ni cha volti 5, ninunue kibadilishi gani?" Swali ni la haki, ila linataka jibu moja kwa bodi nzima, na bodi haina ugonjwa mmoja. Kila waya unaotoka upande huu kwenda ule una tabia yake. Kuna unaokwenda tu bila kurudi, kuna unaokwenda na kurudi, kuna unaobadilika mara laki nane kwa sekunde na kuna unaobadilika mara moja kwa saa. Ukizijua tabia hizo, uchaguzi unakuwa mwepesi, na mara nyingi unaishia kwenye risista mbili za bei ya pipi. Usipozijua, utanunua kibodi (bodi ndogo) kinachodai kufanya kila kazi, utakilehemu, halafu utakaa nacho usiku kucha ukitafuta kwa nini skrini inaandika herufi za ajabu.

Kuna mkanganyo wa kuuondoa mapema. Kile kidude kinachoshusha volti 12 za betri ya sola hadi 5 kazi yake ni kulisha vifaa umeme. Hakifai kwenye waya wa ishara, kwa sababu ndani yake mna makapasita yaliyowekwa makusudi ili volti isipande wala isishuke, na ishara ya kidijitali ni volti inayopanda na kushuka. Tunachokizungumza hapa ni kifaa kingine kabisa: kinachopokea moja na sifuri za upande mmoja na kuzitoa upande wa pili kwa volti za huko.

Volti 5 ni urithi wa chipu za TTL, familia ya zamani ya chipu za kidijitali za miaka ya 1960, na bodi ya Arduino Uno inaishi nayo hadi leo. Transista zilipozidi kufanywa ndogo hazikuweza tena kuhimili volti hizo, ndiyo bodi kama ESP32 na Raspberry Pi zikawa za 3.3. Modemu ya SIM800L inazungumza kwa 2.8, na modemu nyingi mpya zaidi zinazungumza kwa 1.8. Kwa hiyo kisanduku kimoja cha kawaida kinaweza kuwa na viwango vitatu ndani yake bila mtengenezaji kukusudia.

Sasa tuingie kwenye kiini. Chipu haijui kwamba waya una "volti 5" au "volti 3.3". Inachojua ni mipaka miwili iliyoandikwa kwenye datashiti yake, yaani karatasi ya kiwanda ya sifa zake. Chini ya mpaka wa kwanza inaahidi kusoma sifuri, juu ya mpaka wa pili inaahidi kusoma moja, na katikati haikuahidi kitu. Mipaka hiyo ndiyo ya kutazama kabla ya kufungua duka lolote. Uno, ikiendeshwa kwa volti 5, inasoma moja kuanzia volti 3.0. Chipu ya familia ya 74HC ikiendeshwa kwa volti 5 inataka 3.5. Chipu ya 74HCT, kwa umeme uleule, inaridhika na 2.0, na sifuri yake ni 0.8 kushuka chini. ESP32 inasoma moja kuanzia robo tatu ya umeme wake, yaani takriban volti 2.5.

Chukua pini ya ESP32 inayotoa 3.3, uipeleke kwa hao wa volti 5. Uno itaielewa, japo akiba, yaani ziada juu ya mpaka, ni volti 0.3 tu. 74HC imepungukiwa volti 0.2. 74HCT inapokea na akiba ya volti 1.3, ambayo ni nyingi sana. Herufi T moja mwishoni mwa jina la chipu ndiyo inayotenganisha saketi ya kuaminika na saketi ya kubahatisha, na bei zake hazitofautiani kwa kiasi cha kukufanya ufikirie mara mbili.

Hapa ndipo wengi wanaponipinga: "Mimi nimeunganisha 3.3 kwenye 74HC na inafanya kazi." Ni kweli, inafanya. Chipu nyingi za aina hiyo kwa hakika hugeuka karibu na nusu ya umeme wao, yaani karibu na 2.5, kwa hiyo mezani utaona kila kitu sawa. Ile 3.5 ni ahadi ya kiwanda kwa kila chipu, kwenye baridi na kwenye joto, umeme ukiwa umepanda kidogo au umeshuka kidogo. Kisanduku chako hakitakaa mezani. Kitafungwa chini ya bati, saa nane mchana, kando ya pampu inayotoa kelele za umeme kila inapowaka, na waya wake wa hasi ni mrefu na mwembamba. Akiba ya volti inaliwa na mambo hayo yote. Saketi isiyo na akiba haifi. Inakosea mara moja moja, na kosa la namna hiyo ndilo gumu kuliko yote kulitafuta.

Upande wa pili wa shilingi ni volti 5 kuingia kwenye pini ya 3.3. Hapo suala si kueleweka, ni kuumia. Pini nyingi zina dayodi (kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu) ya ulinzi inayoelekea kwenye umeme wa chipu. Ukileta volti 5, dayodi inafunguka na mkondo unapita humo kuingia kwenye njia ya 3.3. ESP32 haikuahidi kuvumilia zaidi ya volti 3.6 kwenye pini zake. Inaweza ikaishi wiki nyingi hivyo, kisha pini moja ikaacha kusikia. Kwa hiyo hoja ya "mbona yangu bado iko hai" haina uzito, khasa kwetu ambao bodi nyingine huagizwa Kariakoo ikaja na boti, na mwenzetu wa Pemba akangoja zaidi.

Kabla hujanunua chochote, jiulize kama kibadilishi kinahitajika. Kihisi cha joto cha DS18B20, kile kinachokuja kwenye mrija wa chuma na kinachofaa kutumbukizwa baharini kwenye mashamba ya mwani Paje au Jambiani, kinafanya kazi kuanzia volti 3.0 hadi 5.5. Kiendeshe kwa 3.3, weka risista ya omu 4,700 kutoka waya wa data kwenda 3.3, umemaliza. Saa ya DS3231 nayo inakubali 3.3. Watu huziendesha kwa volti 5 kwa mazoea tu, kisha wakatafuta kibadilishi cha kutibu tatizo walilojitengenezea.

Tuchukue kifaa kimoja tukifungue: kisanduku cha tangi la maji. Kila anayeishi na tangi juu ya nyumba anajua thamani ya kufahamu kiwango cha maji bila kupanda ngazi. Ndani mna ESP32, kihisi cha sauti cha jamii ya HC-SR04 kinachopima umbali hadi kwenye uso wa maji, modemu ya SIM800L ya kutuma ujumbe wa simu, na skrini ya mistari miwili inayopokea kwa I2C, njia ya vifaa kuzungumza kwa nyaya mbili.

Kihisi kina nyaya mbili za ishara. Waya wa kuamsha unatoka ESP32, na kihisi kinataka pigo la mikrosekunde 10 la kiwango cha TTL. TTL inaanza kusoma moja kwenye 2.0, kwa hiyo 3.3 inatosha na hakuna cha kuongeza. Waya wa jibu ndio wenye hatari: unarudi na volti 5. Hapa risista mbili zinatosha kabisa. Weka omu 1,000 kati ya kihisi na pini ya ESP32, na omu 2,000 kutoka pini hiyo kwenda hasi. Theluthi mbili za 5 ni 3.33. Kama huna ya omu 2,000, funga mbili za 1,000 moja nyuma ya nyingine.

Wapo wanaodharau risista kwa madai kwamba ni za polepole. Ni za polepole kwa waya upi? Risista na kapasitansi ya waya, yaani tabia yake ya kuhifadhi chaji kidogo, kwa pamoja huichelewesha ishara. Kwa omu 1,000 na 2,000, na kapasitansi ya pikofaradi 50, ishara inapanda ndani ya nanosekunde zisizofika 100 (nanosekunde 1,000 ni mikrosekunde moja). Kihisi hiki kinahesabu takriban mikrosekunde 58 kwa kila sentimita ya umbali. Ucheleweshaji huo haufiki hata sehemu ya mia ya sentimita. Kwa mawasiliano ya seriali ya biti 9,600 kwa sekunde, ambako biti moja inachukua mikrosekunde 104, haupo kabisa. Lakini peleka risista hizohizo kwenye kadi ya kumbukumbu inayosomwa kwa megahetzi 20, ambako nusu ya mzunguko ni nanosekunde 25, ishara itakuwa bado njiani inapanda wakati upande wa pili umeshaamua.

Wengine hutumia risista za laki kadhaa za omu ili kuokoa betri. Nisingewashauri watu wa pwani. Chumvi ya hewa inajenga utando juu ya bodi, utando ule unapitisha mkondo kidogo, na mkondo huo mdogo unatosha kuharibu hesabu ya risista kubwa. Mia chache hadi elfu chache za omu haziyumbi kirahisi hivyo. Paka vanishi pia.

Modemu sasa. SIM800L inatoa volti 2.8, na ESP32 inataka takriban 2.5 ili isome moja. Inaelewa, na akiba ni volti 0.3. Kwa waya mfupi ndani ya kisanduku naikubali. Waya wa kwenda kwenye modemu ndio unaohitaji kushushwa kutoka 3.3 hadi 2.8: omu 1,000 juu na omu 5,600 chini, na hesabu inaangukia 2.8 kamili. Umeme wake wa kuiendesha ni suala jingine, lakini nalitaja kwa sababu watu hulaumu kibadilishi bure: modemu hii inataka kati ya volti 3.4 na 4.4, na inapotuma huvuta kwa mkupuo mkondo unaofikia ampea 2. Ikijizima na kujiwasha kila inapotafuta mtandao, tazama umeme kwanza.

Skrini ndiyo yenye somo. Nyaya zake mbili za I2C haziendi upande mmoja. ESP32 inasema, skrini inajibu kwenye waya uleule. Tena hakuna anayesukuma waya kwenda juu. Kila kifaa kinajua kuvuta chini tu, na anapoachia kila mtu, risista ndiyo inayourudisha waya juu. Ni kama kugonga bodi la daladala: abiria yeyote akigonga, gari inasimama, na hakuna abiria anayeweza kugonga ili isisimame. Shida ya skrini hizi ni kwamba kibodi chake cha nyuma huja na risista zake zimeshafungwa kwenye volti 5. Kwa hiyo hata kama ESP32 haijaombwa kupokea 5, itaipokea kila nyaya zinapopumzika.

Dawa yake imekuwepo tangu 1997, ilipoelezwa na Philips, kampuni iliyobuni I2C yenyewe, na ni ya kupendeza kwa urahisi wake: mosfeti moja, yaani transista inayotumika kama swichi, kwa kila waya, aghalabu BSS138. Geti, mguu unaoiamuru swichi, inaunganishwa kwenye 3.3. Miguu miwili iliyobaki ndiyo mkondo unapopita: sosi iko upande wa 3.3, dreni iko upande wa 5, na kila upande una risista yake ya kuvuta juu. Wote wakiachia, geti na sosi ziko kwenye volti moja, mosfeti haipitishi mkondo, kila upande unapumzika kwenye volti zake. ESP32 ikivuta chini, geti inabaki juu ya sosi kwa volti 3.3, mosfeti inafunguka na upande wa 5 nao unashuka. Skrini ikivuta chini kutoka upande wa pili, dayodi iliyomo ndani ya mosfeti inaanza kuishusha sosi. Ikishuka vya kutosha, mosfeti inafunguka na kumaliza kazi. Hakuna pini ya kuambiwa nani anasema sasa. Vibodi vidogo vya njia nne vinavyouzwa kwa jina la kibadilishi cha I2C ndani mna hiki tu.

Lakini tazama kinachoupandisha waya: risista peke yake, na kwenye vibodi hivyo ni ya omu 10,000. Kwa I2C ya kilohetzi 100, inayoruhusu ishara kupanda kwa hadi nanosekunde 1,000, inatosha kama nyaya ni fupi. Kwa kilohetzi 400 ruhusa ni nanosekunde 300, na itabidi risista ipunguzwe. Na kwa upande wa 1.8 usiitegemee BSS138: inaweza kuhitaji hadi volti 1.5 kwenye geti ndiyo ianze tu kufunguka.

Udhaifu huo ndio unaowaangusha wenye taa za mapambo ya harusi. Mkanda wa WS2812B ukiendeshwa kwa volti 5 unataka 3.5 ili usome moja, ESP32 inatoa 3.3, na mtu anachukua kibodi chake cha mosfeti kilichobaki kwenye skrini. Taa za mwanzo zinawaka rangi yake, za katikati zinapepesa, na bibi harusi hajafika. Hesabu iko wazi. Mkanda huu unatofautisha sifuri na moja kwa urefu wa pigo, na pigo la sifuri ni mikrosekunde 0.4. Ukiwa na risista ya omu 10,000 na waya wa pikofaradi 100, hata tukiipendelea ishara ianze kupanda kutoka volti 2, itachukua karibu mikrosekunde 0.7 kufika 3.5. Pigo limekwisha kabla halijafika. Waya huu haurudi, unakwenda tu, kwa hiyo hauhitaji ujanja wowote wa njia mbili. Weka 74AHCT125 au 74HCT245 iliyoendeshwa kwa volti 5. Inasoma 3.3 bila wasiwasi, na inasukuma 5 kwa nguvu kwenda juu na chini.

Kwa safari ya kinyume, nyaya nyingi za 5 zinazoingia 3.3 kwa kasi, kuna 74LVC245. Inaendeshwa kwa 3.3 na mlango wake umeruhusiwa kupokea hadi 5.5, kwa sababu haina ile dayodi ya kwenda juu. Ndiyo chipu ya kuipeleka Uno kwenye kadi ya kumbukumbu, na waya wa kadi unaorudi unaweza kuingia Uno moja kwa moja kwa akiba ile ndogo, au kupitia njia moja ya 74HCT. Usichanganye na 74HC ya kawaida: hiyo ina dayodi, na volti 5 zitapenya humo.

Nimeziacha hadi hapa zile chipu zinazojitambulia mwelekeo zenyewe, kwa sababu ndizo zinazonunuliwa mwanzo na mimi ningezinunua mwisho. TXB0108 ni maarufu: njia nane, hakuna pini ya mwelekeo, kasi kubwa. Ili iweze kujitambulia, pini zake hushikilia waya kwa ulegevu, kana kwamba kuna risista ya omu 4,000 ndani, na husukuma kwa nguvu kwa kitambo kifupi tu ishara inapobadilika. Yeyote wa nje akitaka kuusogeza waya, anaushinda ulegevu ule. Ni uhandisi mzuri kwa nyaya fupi, kwenye bodi moja, zenye vifaa vinavyosukuma juu na chini.

Iweke kwenye I2C uone. Skrini ina risista ya omu 4,700 inayovuta kwenda 5. TXB inajaribu kushikilia sifuri kwa omu 4,000. Waya unakaa kwenye volti 2.3, katikati kabisa ya eneo ambalo hakuna aliyeahidi kitu. Datashiti yake yenyewe inataka risista yoyote ya nje izidi omu 50,000, lakini anayeuza kibodi hakuandika hilo. Kwenye waya mrefu nako, mawimbi yanayorudi kutoka mwisho wa waya huweza kuidanganya kwamba kuna ishara mpya. Ndugu yake TXS0108E ametengenezwa kwa nyaya za kuvuta chini na ana risista zake ndani, kwa hiyo I2C anaiweza. Majina yanafanana mno, soma herufi ya tatu kabla hujalipa.

Pale mwelekeo unapojulikana, mimi nachagua chipu inayoambiwa mwelekeo: SN74LVC1T45 kwa waya mmoja, 74LVC8T245 kwa nane. Kila upande una umeme wake, kuanzia 1.65 hadi 5.5, na upande mmoja ukikosa umeme, pini zinajitenga. Sifa hiyo ya mwisho ni kubwa kwetu. Fikiri ESP32 iko kwenye betri na kifaa cha pili kinategemea umeme wa ukutani. Umeme ukikatika, ESP32 inaendelea kusukuma 3.3 kwenye pini ya kifaa kilichozimika, mkondo unaingia kupitia dayodi, na kifaa kile kinabaki nusu hai: hakifanyi kazi, hakizimiki, na betri inakwisha. Umeme ukirudi, hakianzi vizuri kwa sababu hakikuzimika vizuri. Risista ya omu 1,000 kwenye waya inapunguza mkondo huo lakini haiuondoi.

Limebaki tangi lililo mbali na pampu. Hakuna kibadilishi hata kimoja kati ya hivi kilichotengenezwa kwa waya wa mita 40 uani. Kwa umbali huo tumia RS-485, inayopeleka ishara kwa nyaya mbili zinazokinzana na inayofika hadi mita 1,200. Angalia tu kwamba chipu ya MAX485 inayopatikana kwa wingi ni ya volti 5, na pini yake ya kutoa inaleta 5 kwenye ESP32. Agiza MAX3485, ya 3.3, na hutahitaji kibadilishi upande wowote.

Na kabla ya kuwasha, pima kwa mita kwamba hasi za pande zote mbili zimeungana. Kisha wakati kifaa kinafanya kazi, pima kila waya uliopumzika upande wa ESP32. I2C na nyaya za seriali zinapumzika juu, na mita ionyeshe 3.3 au 2.8, si zaidi. Ukiona 3.9 au 4.2, kuna risista mahali imefungwa kwenye 5, na mara nyingi iko nyuma ya skrini.